Eropleni za Kompyuta: Je, Ni Salama Zaidi?

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu, kabla ya kufungua redio andika ubaoni maneno haya: rubani, usukani, kipimo, shahidi, kompyuta. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

  Natumaini mmekwisha kaa kitako, taa inawaka, na wenye miwani wamevaa miwani yao.

Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari za maji ya kunywa. Leo nitaziweka kando, kwa sababu nimepata barua isiyoweza kungoja. Imetoka kwa mama mmoja wa darasa la Tanga. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na herufi zake ni nzuri kuliko zangu. Nitaisoma kama alivyoiandika.

“Bwana Mwalimu wa redio, salaam sana. Mimi ni mzima, ila nina neno. Binti yangu yuko Maskati kwa mumewe. Amejifungua mtoto wa kwanza, naye ameniletea tikiti ya ndege nikamwone mjukuu. Safari ni mwisho wa mwezi huu. Maisha yangu yote sijapata kupanda ndege. Sasa kijana wa jirani aniambia kuwa ndege za siku hizi haziendeshwi na rubani, zaendeshwa na kompyuta, na kompyuta ikipotewa na akili huishusha ndege chini, rubani akawa hana la kufanya. Asema yaliwapata watu waliokuwa wakija Nairobi. Je, ni kweli? Nipande nisipande? Na tena, naweza kuchukua ng'onda katika mzigo wangu?”

Haya. Habari ya ng'onda nitaijibu mwisho. Hii ya kwanza yataka muda.

Mama, kijana wa jirani yako hakusema uongo wote. Ameshika kweli moja akaichanganya na nyingine. Basi twende pole pole, tuanze na usukani wenyewe.

Jahazi huenda kulia na kushoto tu, kwa hiyo usukani mmoja walitosha. Eropleni yapanda, yashuka, yageuka, na tena yalala ubavu mmoja. Kwa sababu hiyo ina vibao vingi vinavyopinduka, vingine nyuma ya mabawa na vingine mkiani. Zamani rubani alipovuta usukani wake, kamba za chuma zilipita chini ya sakafu mpaka kwenye vibao, zikavipindua. Ndege zilipozidi kuwa kubwa, nguvu za mkono hazikutosha, zikatiwa pampu za mafuta za kumsaidia. Lakini desturi ilikuwa ile ile. Rubani akivuta vema, kibao kilipinduka vema. Akivuta vibaya, kilipinduka vibaya. Hapakuwa na mtu katikati wa kumwambia, “Bwana, ngoja kwanza.”

Tarehe 22 Februari 1987 kampuni ya Airbus ya huko Ulaya ilirusha kwa mara ya kwanza ndege iitwayo A320. Mwaka 1988 ikaanza kuchukua abiria. Humo kamba zile karibu zote zimeondolewa. Rubani ana kijiti kidogo ubavuni pake. Akikisukuma, kijiti hakivuti kitu. Chapeleka habari kwa waya wa umeme mpaka kwenye kompyuta, kana kwamba rubani amesema, “Nataka kupanda kidogo.” Kompyuta yavitazama vipimo: ndege yaenda kwa mwendo gani, iko juu kadiri gani, bawa limeelekeaje upepo. Kisha ndiyo yapindua vibao kwa kiasi kinachofaa.

Kwa hiyo rubani yupo, mama, tena wako wawili. Wao ndio wanaosema ndege iende wapi. Ila kati ya mkono wa rubani na bawa sasa pana mtu wa katikati, naye mtu huyo aweza kukataa.

Akatae nini? Nitatoa mfano mmoja, maana huo ndio mkubwa. Bawa huibeba ndege kwa upepo unaopita juu yake na chini yake. Pua ikiinuliwa mno, upepo wabanduka juu ya bawa, na bawa laacha kubeba. Ndege huanguka hata kama injini zanguruma kwa nguvu zote. Watu wengi sana wamekufa hivyo tangu eropleni zilipoanza. Katika A320 rubani aweza kukivuta kijiti mpaka mwisho kwa hofu, na kompyuta, maadamu vipimo vyake ni vizima, itainua pua mpaka penye mpaka na kukomea hapo. Kadhalika akitaka kuilaza ndege ubavu kupita digrii 67, itakataa.

Jambo hili lilionekana wazi tarehe 15 Januari 2009 huko New York. A320 yenye watu 155 ilikuwa imetoka tu kuruka, ikaingia katika kundi la mabata bukini, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani wake, Chesley Sullenberger, aliona hafiki uwanja wowote. Akaiteremsha juu ya maji ya mto Hudson, katikati ya mji, na watu wote 155 wakatoka hai. Mapema kabisa aliwasha injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme, na kwa hiyo kompyuta zilibaki na nguvu. Karibu na maji alikivuta kijiti mpaka mwisho, na kompyuta haikuacha bawa lipoteze upepo. Wachunguzi waliieleza faida hiyo. Walieleza pia kuwa dakika ile ile kompyuta ilipunguza kidogo kiasi cha pua alichokitaka rubani. Mnaona? Hata siku ya sifa yake, mtu wa katikati alikuwa na lake la kusema.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha swali la mama.

Kompyuta haina macho. Haioni mlima wala bahari wala wingu. Yajua yale tu iliyoambiwa na vipimo vilivyo nje ya ndege. Ni kama mzee wa baraza aliyeketi ndani ya nyumba bila dirisha, akahukumu kwa maneno ya mashahidi. Tuseme pana kesi ya mbuzi, na shahidi ni mmoja. Huyo akisema uongo, mzee atahukumu uongo, tena kwa moyo safi kabisa. Wakiwa wawili na wakapingana, mzee atajua kuna jambo, ingawa hajui mwongo ni nani. Wakiwa watatu, na wawili wakakubaliana, atamwacha yule wa tatu. (Mwalimu, baada ya kipindi igizeni baraza hili darasani. Yafaa sana.)

Waliotengeneza A320 waliijua habari hii. Waliweka kompyuta saba za kuongoza vibao, ili moja ikizimika nyingine zishike kazi. Hawakuziandika zote watu wale wale, wala kwa namna moja, ili kosa la mwandishi mmoja lisiingie kote. Kila moja ina sehemu mbili ndani yake. Ya kwanza yaamuru, ya pili yaichunguza ile ya kwanza. Na vipimo vikubwa vya nje ni vitatu vitatu.

Basi tuje kwenye safari ile ya Nairobi.

Kampuni ya Boeing ya Marekani ina ndege yake ya miaka mingi, 737, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967. Hii ni ndege ya kamba za chuma mpaka leo. Boeing ilipotengeneza aina mpya, 737 MAX, iliifunga injini kubwa zaidi. Lakini 737 ni fupi ya miguu, kwa hiyo injini zile zilisogezwa mbele na juu. Zikawa na tabia moja: pua ikiisha kuinuka sana, zilizidi kuisaidia kuinuka. Ili kuiondoa tabia hiyo, kompyuta ikaandikiwa amri mpya: ukiona pua imeinuka mno, pindua bawa dogo la mkiani uishushe. Amri hiyo iliitwa MCAS.

Kipimo cha kuonyesha pua imeinuka kiasi gani ni kibao kidogo kinachogeuzwa na upepo. Ndege ile ilikuwa na viwili, kimoja kila upande wa pua. MCAS ilisikiliza kimoja tu. Shahidi mmoja, mabibi na mabwana! Tena amri hiyo haikutolewa mara moja ikaisha. Rubani akiirudisha pua juu, baada ya sekunde chache ilishushwa tena. Na kubwa kuliko yote, marubani hawakuambiwa. Vitabu vyao vya kuendeshea ndege havikuwaeleza kuwa kuna kitu kama hicho.

Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya namna hii, ya shirika la Lion Air la Indonesia, ilikuwa na kibao kibovu kilichosema pua iko juu kumbe sivyo. MCAS ikaanza kuishusha. Kwa bahati rubani wa tatu alikuwa ameketi nyuma ya wale wawili. Wakaukata umeme wa mtambo wa mkiani, wakafika Jakarta salama. Asubuhi yake ndege ile ile ilipakia watu wengine. Rubani aliirudisha pua juu zaidi ya mara 20, na kila mara kompyuta iliishusha. Ikaanguka baharini, na watu 189 wakafa.

Miezi minne ikapita, na nyingine zilikuwa bado zinaruka. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya shirika la Ethiopia ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Marubani wake walikuwa wamekwisha kupata onyo baada ya ajali ya kwanza. Kibao kilipoharibika, wakaukata umeme kama walivyoagizwa. Lakini ndege ilikuwa imekwisha kuwa na mwendo mkali mno, na gurudumu la kuurekebisha mkia kwa mkono halikuzungushika. Wakaurudisha umeme. MCAS ikashusha pua tena. Dakika 6 baada ya kuruka ilianguka karibu na mji wa Bishoftu. Walikuwamo watu 157, na katika hao 32 walikuwa Wakenya. Uwanjani Nairobi watu walikuwa wamesimama na majina ya wageni wao.

Pengine katika madarasa yetu ya Kenya yumo aliyemjua mmoja wao. Pole, ndugu yangu.

Kijana wa jirani aliposema rubani hakuwa na la kufanya, ndiyo hiyo aliyoisikia. Lakini asema ndege zote ni hivyo, na hapo amekosea. Kosa hili halikutoka katika ndege yenye kompyuta saba za kuongoza vibao. Lilitoka katika ndege ya kamba za chuma, iliyotiwa amri moja ya kompyuta juu yake, ikapewa shahidi mmoja, na habari zake zikafichwa. Mimi naona kufichwa huko ni kubaya kuliko kibao kibovu. Kibao ni chuma, na chuma huharibika. Kutomwambia mtu aliyeshika usukani ni shauri la watu walioketi mezani.

Baada ya ajali ya pili 737 MAX zilikatazwa kuruka dunia nzima. Marekani iliziruhusu tena Novemba 2020, baada ya miezi 20. Sasa MCAS husikiliza vibao vyote viwili, na vikipingana hunyamaza. Huamuru mara moja tu, wala haiwezi kuushinda mkono wa rubani. Na marubani hufundishwa habari zake.

Mtu aweza kusema, “Basi tuwe na mashahidi watatu kila mahali, mambo yamekwisha.” Hapana, bado. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France, A330, ilikuwa usiku juu ya bahari ya Atlantiki, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Mwendo wa ndege hupimwa kwa mirija midogo inayopokea upepo, nayo ilikuwa mitatu. Chembe za barafu zikaiziba karibu kwa wakati mmoja. Hao walikuwa mashahidi watatu walionyeshwa chakula kimoja kibovu, wakaugua pamoja! Kompyuta ilifanya haki yake: iliona haina wa kumwamini, ikamwachia rubani ndege, na ile mipaka ya kuzuia pua ikaondoka. Rubani kijana, gizani, akavuta kijiti. Ndege ikapanda mpaka karibu futi 38,000, bawa likapoteza upepo, nayo ikaanguka muda wa dakika tatu na nusu mpaka baharini. Mirija ilikuwa imekwisha kuzibuka zamani. Vijiti vya ndege hiyo havikuungana, kwa hiyo mwenzake hakuhisi mkononi kwamba huyu anavuta. Watu 228 walikufa, na mabaki makubwa ya ndege hayakupatikana chini ya bahari mpaka mwaka 2011.

Ajali hii hunisumbua kuliko zote, nawaambia kweli. Kompyuta haikuwaua watu wale kwa kushika usukani; iliuacha, mbele ya marubani waliokuwa wamezoea kwamba hauachwi. Mtu aliyebebwa kila siku hupungukiwa na nguvu za miguu. Tangu hapo mashirika mengi yamerudia kuwafundisha marubani kuirusha ndege kwa mkono juu sana angani, na kuitoa katika anguko la namna ile.

Ziko na habari ndogo zaidi. Tarehe 7 Oktoba 2008 ndege ya Qantas, A330, ikitoka Singapore kwenda Perth, ilishusha pua ghafula mara mbili. Shahidi mmoja kati ya watatu alikuwa akitoa tarakimu za ovyo, na kanuni ya kumkataa ilikuwa na tundu dogo ambalo hakuna aliyeliona kabla ya siku hiyo. Zaidi ya watu 100 waliumia, wengi kwa kurushwa darini kwa kuwa hawakufunga mikanda. Hakuna aliyekufa. Tena tarehe 30 Oktoba 2025 A320 moja ikitoka Mexico kwenda Marekani ilishuka bila amri ya rubani. Airbus ikatangaza mwezi uliofuata kuwa mionzi mikali ya jua yaweza kuharibu tarakimu zilizomo katika kompyuta. Jua, mabibi na mabwana! Ndege karibu 6,000 zikaagizwa zirekebishwe, na nyingi zikawa tayari kwa siku chache.

Sasa, je, kompyuta zimeifanya safari kuwa salama zaidi? Mimi nasema ndiyo. Lakini yafaa tuangalie hesabu kwa jicho kali. Airbus hutoa hesabu za ajali kwa vizazi vya ndege, na ndege zenye kompyuta za kulinda mipaka ndizo zenye ajali chache kuliko zote, hasa ajali zile za rubani kupotewa na ndege mkononi. Walakini Airbus ni mwuzaji wa ndege hizo. Na tena ndege mpya zina mengi mengine: mtambo wa kupiga kelele mlima ukiwa mbele, mtambo wa kuonya ndege nyingine ikikaribia, injini zisizozimika ovyo, na marubani wanaofundishwa kusemezana bila kuogopana vyeo. Kuitoa faida ya kompyuta peke yake katika hizo zote ni kama kuuliza katika pilau ni kiungo gani kimeleta utamu. Hata hivyo mwaka 2017 hakuna abiria hata mmoja aliyekufa duniani katika ajali ya ndege kubwa ya jeti ya abiria. Baba yangu, aliyeogopa hata kusikia mlio wa eropleni, asingesadiki.

Liko na jambo jingine linaloharibu hesabu. Kompyuta ikiua, magazeti yote yaandika, nayo ni haki yaandike. Lakini rubani aliyechoka, akavuta kijiti kupita kiasi juu ya mji usiku wa mvua, kompyuta ikamzuia, naye akatua salama, nani ataandika? Abiria wake waliteremka wakitafuta mizigo yao, wasijue lolote.

Kwa hiyo, mama yangu wa Tanga, panda. Njia ya kutoka Tanga mpaka uwanja wa Dar es Salaam ndiyo uiogope zaidi. Mwombe dereva wa basi apunguze mwendo, maana yeye hana kompyuta ya kumkataza. Ukiwa ndani ya ndege, funga mkanda na usiufungue ila unapokwenda msalani, hata kama taa ya mkanda imezimwa. Hayo wamejifunza watu wa safari ile ya Perth kwa vichwa vyao. Mimi mwenyewe, ndege inapoondoka, hushika mkono wa kiti kwa nguvu nikitazama dirishani, nami nayajua yote haya niliyowaeleza. Usione haya.

Naye kijana wa jirani usimkemee. Mwambie swali lake ni zuri, ila alikazie zaidi: kompyuta hii ina mashahidi wangapi, na rubani ameambiwa nini? Akitaka kuja darasani kulizungumza, kiti kipo.

Na habari ya ng'onda. Hiyo si kazi ya kompyuta wala ya rubani. Muulize karani wa shirika la ndege kabla ya siku ya safari, na usisahau forodha ya Maskati. Wakikubali, wafunge vizuri katika mifuko miwili au mitatu, kwa ajili ya pua za wasafiri wenzako.

Juma lijalo tutarudi kwenye maji ya kunywa. Kwaherini, na usiku mwema.